Khalid bin Walid: Jemadari Aliyeuzuliwa

Wengi katika ndugu zetu humjua Khalid bin Walid (Radhiya-llahu anhu) kwa upanga wake. Wachache huyataja yaliyompata baada ya kuuzuliwa, nayo ndiyo tutakayo kuyaeleza hapa.

Khalid alikuwa mtu wa Bani Makhzum, jamaa tukufu ya Kikureshi. Siku ya Uhud, mwaka 625, yeye ndiye aliyewashambulia Waislamu kwa nyuma na wapanda farasi wa Makka, pale wapiga mishale walipoacha mahali walipowekwa. Alisilimu mwaka 629, na mwaka huo huo vikawa vita vya Muta. Maamiri watatu waliuawa mmoja baada ya mwengine; Khalid akaitwaa bendera, panga tisa zikamvunjikia mkononi, akalirudisha jeshi Madina. Mtume (S.A.W.) akamwita upanga katika panga za Mwenyezi Mungu.

Hata hivyo hakuwa maasumu. Alipowaua watu wa Bani Jadhima kwa pupa, Mtume alijitenga na kitendo hicho mbele ya Mola wake, akampeleka Sayyidna Ali kulipa dia. Twalitaja hili kwa kuwa wako wadhanio kuwa kumheshimu mtu ni kuyaficha makosa yake.

Zama za Sayyidna Abubakar alimshinda Musaylima mwongo huko Yamama, akapigana Iraki, kisha akalivuka jangwa kwenda Shamu kukabili Warumi. Watu wakawa wadhani kwamba alipo Khalid ndipo ulipo ushindi. Sayyidna Omar aliposhika ukhalifa mwaka 634 alimwondoa katika uamiri mkuu, akampa Abu Ubaida bin Jarrah; na baadaye akamwuzulu kabisa. Imepokewa kuwa Omar aliwaarifu watu wa miji kwamba hakufanya hivyo kwa chuki wala kwa khiyana ya Khalid, bali alichelea wasije wakamtegemea yeye wakamsahau Mwenye kunusuru. Hayo aliyachelea kwa mtu aliye hai, na upanga mkononi. Basi tusemeje sisi, ambao miongoni mwetu wako waendao kuomba nusura makaburini?

Jeshi lilimpenda Khalid, na lau angaliitaka fitina angaliipata. Hakuitaka. Mwaka 636 alipigana Yarmuk chini ya Abu Ubaida, ambaye jana alikuwa chini yake. Alikufa mwaka 642, na wengi wasema ni katika mji wa Hims, mwili umejaa makovu, akisikitika kuwa afa kitandani kama afavyo ngamia. Deraya na silaha zake alikuwa amekwisha kuziweka wakfu katika njia ya Mwenyezi Mungu.