Mary Leakey na Nyayo za Kale

Nyanya yangu hapa Kimana siku hizi anatembea na mkongojo, hatua fupi fupi. Nikimtazama namfikiria Mary Leakey.

Mama huyu alizaliwa London mwaka 1913. Hapa kwetu Kajiado, yeye na mumewe Louis walichimbua mashoka ya mawe kule Olorgesailie. Mwaka 1978, akiwa na miaka 65, kikundi chake kilifukua nyayo huko Laetoli, Tanzania, zilizokaa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6. Kisigino kilitua kwanza, kidole gumba kikasukuma, kama sisi tu! Mary alifariki Nairobi mwaka 1996.

Naam, kutembea ni urithi wa kale sana. Basi kila jioni namshika nyanya mkono, tunazunguka boma polepole, asije akaupoteza.