Wangila alisimama akilalamika, kumbe kichwani damu inavuja

Dhahabu zote ambazo Kenya imewahi kushinda kwenye Olimpiki ni za riadha, isipokuwa moja. Hiyo moja ililetwa na bondia, Robert Napunyi Wangila. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, ndiyo maana ukimtaja mtaani unaulizwa huyo ni msanii wa wapi.

Wangila alizaliwa 1967. Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika Nzima mwaka wa 1987, alishinda dhahabu ya uzani wa welta mbele ya mashabiki wa nyumbani. Mwaka uliofuata akaenda Seoul, Korea Kusini, na timu ya taifa, Hit Squad. Fainali akakutana na Mfaransa Laurent Boudouani, msee ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Raundi ya pili tu, Wangila akamlaza. Alikuwa na miaka 21.

Lakini medali haijazi sufuria. Baada ya Olimpiki aliingia ndondi za kulipwa, akaenda kutafutia riziki Marekani. Watu husema ndondi ni ndondi, lakini hapo mambo hubadilika kabisa. Seoul, pambano lilikuwa raundi tatu za dakika tatu, basi, na mabondia walivaa kinga ya kichwa. Kwenye ndondi za kulipwa hakuna kinga, na raundi zinaweza kufika kumi au hata kumi na mbili.

Si kwamba ile kinga ni dawa. Inasaidia sana ngozi isipasuke, ila ubongo bado unatikisika. Chukua yai bichi ulitikise: ganda halina hata ufa, lakini kiini kinacheza ndani. Konde likizungusha kichwa ghafla, ubongo nao unavutwa, na vimishipa vya damu vilivyo kati yake na fuvu vinaweza kukatika.

Alishinda mapambano 22, mengi kwa kuwaangusha wapinzani. Mkanda wa dunia haukuja. Akaendelea kupigana.

Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kukabiliana na David Gonzales. Makonde yalimwingia, raundi baada ya raundi. Katika raundi ya tisa, refa Joe Cortez akasimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alilalamika kwamba angeweza kuendelea.

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikiisoma hii stori. Jamaa alikuwa amesimama na anabishana na refa. Wewe ungekuwa shabiki ungesema refa amemnyima haki yake. Lakini damu ikivuja chini ya fuvu, haimwangushi mtu palepale kila mara. Inajikusanya polepole, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo ndio unaobanwa. Mtu anaweza kuongea, kutembea, hata kucheka, kisha kichwa kinaanza kuuma, anatapika, anasinzia, anazimika.

Wangila alizimika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hakuamka tena. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26.

Mimi mwenyewe, baada ya kuacha chuo, nilikuwa napiga glavu jioni na mabeshte. Siku moja nilikula konde moja safi la kando ya sikio. Sikuanguka, kwa hivyo nikahesabu ni sawa. Kichwa kiliniuma siku mbili, na siku ya tatu nikarudi kupigana, kwa sababu nani anataka kuitwa mwoga? Hakuna aliyeniambia kwamba ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kuumia vibaya zaidi ya mara ya kwanza. Mwalimu wetu alichoangalia ni kama natokwa damu puani.

Kuna wanaomlaumu refa kila pambano likikatizwa, na mitandaoni matusi hayakosi. Mimi kwa hili namtetea Cortez. Bondia ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa kama yuko fiti, maana kile anachotumia kujibu ndicho kilichopigwa. Tena mwenye dhahabu ya Olimpiki atakwambia ameumia? Hata kidogo.

Kwenye rekodi, pambano lake la mwisho limeandikwa kama mengine tu: alishindwa, raundi ya tisa.