Roderick Haig-Brown, hakimu aliyeutetea mto

Kila Oktoba, Mto Campbell katika kisiwa cha Vancouver, nchini Canada, hupokea samaki aina ya samoni wanaorudi kutoka baharini. Hutaga mayai, kisha hufa. Kando ya mto huo aliishi Roderick Haig-Brown, mwandishi tunayemwangalia leo.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1908. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1918. Yeye alifukuzwa shule, na akiwa bado kijana akavuka bahari kwenda kufanya kazi kwenye kambi za wakata magogo. Hakusomea sheria, lakini kwa takriban miaka 30 alikuwa hakimu wa mji mdogo wa Campbell River.

Akitoka mahakamani, alishika fimbo yake ya kuvulia. Alimpenda sana stilihedi, trauti anayehamia baharini na kurudi mtoni. Ni spishi ileile ya trauti waliopandikizwa katika mito ya Mlima Kenya! Tofauti na samoni wa huko, stilihedi anaweza kutaga, akaishi na kurudi tena. Ukimuua mmoja, umepoteza na vizazi vyake vijavyo.

Katika miaka ya 1950 alipinga bwawa la umeme lililokusudiwa kuinua maji ya Ziwa Buttle, ndani ya hifadhi ya Strathcona. Alishindwa, bwawa likajengwa, maji yakapanda. Kwetu sisi, hapo tunamwona vizuri kuliko hata vitabuni mwake: hakimu aliyekubali kugombana na serikali iliyomteua.

Alifariki nyumbani kwake Oktoba 1976, msimu wa samoni kurudi.