Tesla na ndege ya kuinuka wima: Wazo la mzee wa miaka 71 linaloishi ndani ya droni za leo

Kama uko na droni, ama una rafiki anayepiga picha za harusi kwa droni, unajua shida yake kubwa ni betri. Inakaa hewani dakika chache tu, kisha inaanza kulia irudishwe chini. Usilaumu betri. Droni hiyo haina mabawa, kwa hivyo uzito wake wote unabebwa na propela, tangu inapoinuka hadi inapotua.

Ndiyo maana wahandisi wanapenda aina nyingine, ile inayoinamisha propela. Huinuka wima kama helikopta, halafu propela zinainama mbele, mabawa yanashika mzigo na droni inaenda kama ndege ya kawaida. Utadhani ni wazo la juzi. La hasha! Mmoja wa waliolichora mapema ni Nikola Tesla. Ndio, yule yule ambaye jina lake leo limebandikwa kwenye magari ya umeme.

Tesla alizaliwa Julai 10, 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho siku hizi kiko Croatia. Babake alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi la Waserbia na alitaka kijana afuate nyayo zake. Mamake hakwenda shule, lakini alikuwa hodari wa kujiundia vifaa vya nyumbani. Kijana akaenda chuo cha ufundi mjini Graz, Austria, akaanza kwa alama za juu, kisha akazama kwenye kamari na kuondoka bila shahada. Kwa hivyo ukimwona mwenzako amekwama chuoni, usimzike mapema.

Mwaka wa 1884 aliteremka New York akiwa na senti nne mfukoni. Alifanya kazi katika kampuni ya Thomas Edison miezi michache, wakaachana. Akaanzisha kampuni na wawekezaji, nao wakamweka kando na kumwacha mikono mitupu. Majira ya baridi ya 1886 na 1887 yalimkuta akichimba mitaro kwa dola 2 kwa siku. Mjengo, kwa lugha yetu.

Alitoka huko kwa nguvu ya mota yake, inayotumia umeme wa kugeuka-geuka mwelekeo, aina ile ile inayotoka kwenye soketi ya nyumba yako. Hataza zake zilitolewa Mei 1888 na George Westinghouse akazichukua. Kufikia Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulikuwa ukifika mji wa Buffalo kwa teknolojia hiyo.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1898, alifanya jambo ambalo mwenye droni yeyote anafaa kulijua. Katika ukumbi wa Madison Square Garden aliweka mashua ndogo ndani ya maji, akaiendesha kwa mawimbi ya redio bila waya hata mmoja. Watu walidhani ni uchawi. Kifaa kisicho na mtu ndani, kinachotii amri kutoka mbali: hiyo si droni ni nini?

Kisha mambo yakaenda mrama. Mnamo 1901 alianza kujenga mnara mkubwa wa Wardenclyffe wa kurusha mawasiliano bila waya, kwa dola 150,000 za tajiri J.P. Morgan. Pesa zikaisha, Morgan akakataa kuongeza, na mwaka wa 1917 mnara ukabomolewa. Tesla akawa mtu wa kuhama hoteli moja hadi nyingine akiacha madeni nyuma, na kulisha njiwa wa jijini.

Lakini kalamu haikutulia. Januari 3, 1928, akiwa na miaka 71, alipewa hataza zake za mwisho. Moja, nambari 1,655,114, ilikuwa ya chombo cha angani kinachosimama wima, propela ikitazama juu. Kikishainuka, rubani anakiinamisha chote kizima polepole hadi mabawa yashike hewa. Hata viti viliundwa kuzunguka, ili abiria asijipate amelala chali.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Piga hesabu nami. Chukua droni ya kilo 10. Ikisimama hewani, propela lazima zisukume kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo zote 10. Ikipata mwendo, na kama mabawa yake yanatoa nguvu ya kuinua mara 10 ya ukinzani wa hewa, propela zinahitaji kusukuma nguvu ya kilo 1 hivi tu. Mabawa ndiyo yanayobeba mzigo sasa.

Basi kila sekunde ya kupanda wima ni betri inayochomeka. Ukiinamisha propela mapema, mabawa bado hayana upepo wa kutosha, na chombo kinaporomoka. Ukichelewa, umemaliza moto kabla ya safari kuanza. Mpango mzuri ni huu: panda hadi upite miti, paa na nyaya, usizidishe. Elekeza pua kule upepo unakotoka, mabawa yapate hewa mapema. Inamisha kidogo kidogo kadiri mwendo unavyoongezeka, na upunguze nguvu mabawa yakishika. Leo kompyuta ndogo ndani ya droni hufanya kazi hiyo. Tesla alimwachia rubani, kwa mikono yake.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Chombo chake hakikujengwa kamwe. Mwaka wa 1954 ndege ya Marekani iitwayo Convair Pogo ilifanikiwa kuinuka kwa mkia na kuinama, lakini kutua kulikuwa balaa, kwa sababu rubani alilazimika kutazama ardhi nyuma ya bega lake. Wengine wakaona heri mwili wa ndege ubaki mlalo, propela peke yake ndizo ziiname. Ndivyo ilivyokuja Bell XV-15 mwaka wa 1977, kisha V-22 Osprey iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1989. Hata hiyo imeua watu katika ajali kadhaa. Kugeuka kutoka helikopta kuwa ndege si mchezo.

Tesla hakuyaona hayo. Alifariki Januari 7, 1943 katika chumba nambari 3327 cha hoteli ya New Yorker, akiwa na miaka 86. Hakuacha mali. Aliacha michoro yenye tarehe na nambari, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma hadi leo.

Wewe nawe, kama una wazo kwenye daftari, lichore vizuri, liwekee tarehe, kisha uulize KIPI jinsi ya kulilinda. Na kabla ya kurusha droni yako, pitia kwanza KCAA upate kibali. Injini na pesa vinaweza kuchelewa. Mchoro usichelewe.