George Boole (1815-1864): Maisha ya Mwanamantiki na Suala la Sharti na Wakati

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari wa Shinyanga au Geita aanzaye kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na amri ya sharti: jambo fulani likiwa kweli, kompyuta itende hivi, lisipokuwa kweli, itende vile. Makala haya yanaeleza kwa muhtasari maisha ya George Boole, ambaye mantiki yake ni mojawapo ya misingi ya amri hiyo. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba suala alilolishughulikia, yaani uhusiano wa sharti na wakati, limo pia katika kiambishi -ki- cha Kiswahili.

2.0 Maisha yake

Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba, 1815, mjini Lincoln, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyependa sayansi kuliko biashara, na biashara ilipoanguka, kijana huyo akalazimika kuikimu familia. Akiwa na umri wa miaka 16 alikuwa tayari mwalimu msaidizi mjini Doncaster; alipofikisha 19 alifungua shule yake mwenyewe mjini Lincoln. Hakusoma chuo kikuu. Lugha kadhaa za Ulaya na hisabati ya juu alijifunza kwa juhudi zake mwenyewe.

Mwaka 1844 alitunukiwa Medali ya Kifalme na Royal Society ya London. Mwaka 1847 alichapisha kitabu kifupi kilichoigeuza mantiki kuwa aina ya aljebra, na mwaka 1849 akateuliwa kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha Cork, Ireland, ingawa hakuwa na shahada. Kitabu chake kikuu kuhusu kanuni za fikra kilitoka mwaka 1854. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Everest, wakajaliwa mabinti watano. Mwishoni mwa 1864 alinyeshewa njiani akienda kufundisha, akaugua mapafu, na akafariki tarehe 8 Desemba akiwa na umri wa miaka 49.

3.0 Sharti na wakati

Katika kitabu cha 1847, Boole alifasiri sentensi sharti kwa kuzingatia hali zinazowezekana. Katika kile cha 1854 alibadili msimamo, akaifasiri kwa wakati. Kusema kwamba mvua ikinyesha barabara huteleza ni kudai kuwa nyakati zote za mvua zimo ndani ya nyakati za utelezi. Alama 1 iliwakilisha wakati wote, na 0 kutokuwapo kwa wakati wowote.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na fasiri hiyo, kwani -ki- hubeba maana zote mbili: sharti na wakati. Hata hivyo, kompyuta haina utata huo. Mwaka 1937 Claude Shannon alionyesha kwamba aljebra ya Boole inaweza kueleza saketi za swichi, na tangu hapo 1 na 0 zikawa kazi ya mashine. Lakini amri ya sharti katika programu hupimwa mara moja tu, pale mashine inapoifikia.

Tuchukue mfano wa kubuni wa programu ya mizani ya mnunuzi wa dhahabu Geita: uzito ukizidi gramu 10, taa iwake. Mwanafunzi anaweza kuielewa -ki- kwa maana ya kila uzito unapozidi, akadhani kwamba mashine itaendelea kuchungulia mizani. Ikiwa amri imewekwa kabla ya uzito kusomwa, taa haitawaka hata dhahabu ikiwa gramu 20. Kosa hili si la uvivu wala uzito wa akili. Chanzo chake ni kiambishi chenye kazi mbili.

4.0 Hitimisho

Mwalimu wa sekondari nchini Tanzania hutarajiwa kufundisha kwa Kiingereza, ilhali wengi wa wanafunzi wake walifundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Inafaa basi atenganishe dhana hizi bayana: kama au iwapo, pamoja na vinginevyo, kwa sharti linalopimwa mara moja; maadamu kwa amri inayorudiwa. Boole, mwalimu aliyejifundisha mwenyewe, aliunganisha sharti na wakati ili kuieleza fikra. Mwanafunzi wa programu hana budi kwanza kuvitenganisha.