Themptander: Waziri Mkuu aliyeangushwa na deni la krona 11

Robert Themptander aliondoka madarakani kwa sababu ya deni la kodi ambalo hata halikuwa lake. Deni hilo la krona 11 na öre 58 ndilo lililobadili sera ya nafaka ya Uswidi mwaka 1888.

Themptander alizaliwa Stockholm mwaka 1844. Alipanda ngazi katika utumishi wa serikali hadi kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1881. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 40, aliteuliwa na Mfalme Oscar II kuwa Waziri Mkuu.

Alipata sifa mapema. Kwa miaka mingi wakulima walikuwa wakilalamikia kodi za kale za ardhi, huku Serikali ikitaka jeshi imara zaidi. Mwaka 1885 Themptander alizipatanisha pande hizo. Kodi hizo zilipunguzwa kwa asilimia 30, na vijana walioitwa jeshini wakaongezewa mafunzo kutoka siku 30 hadi 42.

Tatizo lililomshinda lilitoka nje ya nchi. Reli na meli za mvuke zilikuwa zimeshusha gharama za usafirishaji, na nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani na Urusi ikafurika katika masoko ya Ulaya. Wenye mashamba makubwa ya ngano na rai, nafaka ya mkate wa kila siku wa Waswidi, waliona bei zikiporomoka. Wakadai ushuru wa forodha, kama Ujerumani ilivyofanya mwaka 1879.

Hata hivyo, si wakulima wote waliotaka ushuru. Wakulima wadogo wa kaskazini na wa maeneo ya misitu walinunua nafaka kuliko walivyouza. Wafugaji waliozalisha siagi ya kuuza nje walihitaji chakula cha mifugo cha bei nafuu. Wafanyakazi wa mijini nao waliogopa mkate kupanda bei. Themptander alisimama upande wa biashara huria.

Machi 1887, watetezi wa ushuru walipokaribia kushinda bungeni, Mfalme alilivunja Baraza la Pili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Bunge la mabaraza mawili lilipoanzishwa miaka ya 1860. Uchaguzi uliofuata uliwapa ushindi watetezi wa biashara huria. Katika uchaguzi wa kawaida wa msimu wa vuli mwaka huohuo, wagombea wao walizoa viti vyote 22 vya Stockholm.

Hapo ndipo deni lilipojitokeza. Mmoja wa wagombea hao, Olof Larsson, alikuwa hajalipa kodi ya nyuma ya krona 11 na öre 58, na kwa sheria ya wakati huo hakuwa na sifa ya kuchaguliwa. Kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye karatasi za kura pamoja na ya wenzake, karatasi hizo zilihesabiwa kuwa batili. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na viti vyote 22 vikaenda kwa watetezi wa ushuru. Wingi wa kura bungeni ukahama.

Februari 1888 Themptander alijiuzulu na nafasi yake ikachukuliwa na Gillis Bildt. Mwaka huohuo ushuru wa krona 2.50 kwa kila kilo 100 za ngano na rai ulianza kutozwa. Mwenye shamba kubwa alipata nafuu, lakini mnunuzi wa unga ndiye aliyelipia nafuu hiyo.

Themptander alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Stockholm hadi mwaka 1896, kisha akapelekwa London kuziwakilisha Uswidi na Norwe, nchi zilizokuwa chini ya mfalme mmoja. Alifariki dunia huko Januari 1897. Kodi za ardhi alizoanza kuzipunguza ziliendelea kupungua baada yake, na kufikia mwaka 1904 zilikuwa zimefutwa kabisa.