Kurt Schwitters, Mchoraji wa Takataka

Kabla sijawasimulia habari za mtu huyu, niruhusuni kwanza nitoe ya kwetu nyumbani. Likizo ya Agosti iliyopita nilikaa wiki tatu nikibandika picha moja. Nilitumia tiketi za basi, karatasi za sabuni, kipande cha gunia na vifuniko vya soda, tabaka juu ya tabaka, juu ya kadibodi. Nilitaka kuileta hapa klabuni. Asubuhi moja nikaitafuta nisiione. Kumbe kitindamimba wetu alikuwa ameiwashia jiko! Mama naye akashangaa, eti mtu mzima kama mimi nalilia takataka. Nilinuna siku mbili, nikaapa sitashika gundi tena.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa sanaa aliniazima kitabu. Humo ndimo nilimokutana na Kurt Schwitters.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 20 Juni 1887 mjini Hannover, Ujerumani. Kifafa kilimsumbua tangu ujanani. Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Dresden, akawa mchoraji wa kawaida tu wa sura za watu na mandhari. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka wa 1918, Ujerumani ilikuwa hoi bin taabani. Schwitters akaona kwamba ikiwa kila kitu kimevunjika, basi kipya sharti kiundwe kwa vipande hivyo hivyo.

Akaanza kuokota. Tiketi za tramu, bahasha, stempu, karatasi za peremende, waya, vipande vya mbao, hakuacha kitu. Na gundi je? Unga na maji, kama ile yetu ya nyumbani! Alipaka rojo hilo kwenye karatasi, akatandaza vipande vyake na kuvisogeza huku na huku vingali majimaji mpaka vipatane. Mwaka wa 1919 alikata tangazo la benki lenye neno Kommerz, zikabaki herufi nne tu: merz. Neno hilo halikuwa na maana yoyote. Akalipenda, na tangu hapo kazi zake akaziita Merz.

Haikutosha. Mnamo mwaka wa 1923 hivi alianza kujenga nguzo ndani ya nyumba ya wazazi wake, akiibandika mbao, plasta na vitu vidogo vya rafiki zake. Nguzo ilikua ikashika ukuta, ukuta ukashika dari, ikawa pango zima. Tabaka jipya lilifunika la zamani. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka kumi.

Lakini Hitler alipotawala, sanaa ya namna hiyo ilipigwa vita. Januari 1937 Schwitters alikimbilia Norwe kumfuata mwanawe Ernst. Mkewe Helma alibaki kulinda nyumba. Mwaka huo huo serikali ilizitundika picha zake katika maonyesho ya kuwadhihaki wasanii. Huko Norwe alianza pango la pili. Wajerumani walipoivamia Norwe mwaka wa 1940, akakimbia tena, yeye na mwanawe, hadi Uskoti. Waingereza nao wakamtia kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Katika kambi ya Kisiwa cha Man vifaa vilikuwa haba, basi akafinyanga sanamu kwa uji mzito uliosalia. Wee! Ziliota ukungu na kunuka ajabu.

Oktoba 1943 mabomu yaliiangukia nyumba ya Hannover. Kazi ya miaka yote ile ikawa vumbi. Mwaka uliofuata Helma akafa kwa saratani, na mumewe hakuwahi kumwona tena.

Hapo nilifunga kitabu kidogo. Mimi nilinuna kwa ajili ya kadibodi moja.

Mwaka wa 1945 Schwitters alihamia Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, akiishi kwa kuchora sura za wenyeji. Mwaka wa 1947, akiwa mgonjwa, alianza pango la tatu ndani ya ghala la mawe huko Elterwater. Alifaulu kufanya sehemu ya ukuta mmoja tu. Tarehe 7 Januari 1948 alipata habari kwamba amekubaliwa kuwa raia wa Uingereza. Kesho yake akafariki.

Pango la Norwe nalo liliungua mwaka wa 1951. Ule ukuta mmoja ulihamishwa mwaka wa 1965 hadi chuo kikuu cha Newcastle, na uko huko mpaka leo.

Kweli, kuanguka si mwisho wa safari. Jumamosi iliyopita nimekoroga unga na maji tena. Ukiwa na tiketi kuukuu, mwenzangu, usiitupe, niletee. Safari hii picha nitaificha juu ya kabati, mbali na jiko!